Uzi: Namba moja ndiye mwenye saa ya mchezo. Kutoka usiku wa Thabeet kule Detroit hadi pasi mbili za Kihei Clark

#1 – Mleta uzi

Wakuu, huu uzi niliuahidi muda mrefu kule kwenye mjadala wa NBA, leo nimekaa chini nimeuandika. Ni mrefu, mwenye haraka ausome kwa awamu. Unahusu kikapu cha vyuo vya Marekani, na ndani yake mtu mmoja tu: pointi gadi, yule anayeupandisha mpira na kuendesha mashambulizi ya timu, huyu tunayemwita namba moja.

Naanzia mlango ambao Watanzania wengi tuliingilia. Tarehe 4 Aprili 2009 kwa saa za Marekani, kwetu ilikuwa saa saba usiku kuamkia Jumapili. Chuo cha Connecticut na chuo cha Michigan State, nusu fainali ya NCAA (mashindano ya ubingwa wa vyuo vya Marekani), Ford Field, Detroit, watu zaidi ya elfu 72 ndani. Senta wa Connecticut ni Hasheem Thabeet wetu, futi saba na inchi tatu, kijana wa Dar aliyeanza kikapu akiwa amefika miaka ya kubalehe tayari. Mimi nilifuatilia kwa simu, ukurasa unafunguka kwa kusuasua, kila ukifunguka Michigan State wako mbele. Ikaisha 82-73. Sikulala.

Mechi yenyewe nzima niliipata baadaye na nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilitaka kujua mtu mrefu vile, aliyekuwa anafuta mitupo ya kila mtu msimu mzima, walimzungukaje. Jibu ni Kalin Lucas, namba moja wa Michigan State. Connecticut wakikosa, Lucas ameshavuka mstari wa kati. Connecticut wakifunga, mpira unaingizwa haraka na Lucas yuleyule anaondoka nao. Thabeet ni mlinzi wa pete, lakini pete hailindwi na mtu ambaye bado yuko njiani anarudi. Lucas alimaliza na pointi 21, ila pointi zile naona ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba aliamua mechi ile ichezwe mahali ambapo urefu wa Thabeet haukufika kwa wakati.

Siku mbili baadaye Michigan State hao hao wakakutana na North Carolina ya Ty Lawson kwenye fainali. Wakatandikwa kwa dawa yao wenyewe. Mapumziko yalifika 55-34, mwisho 89-72, na Lawson peke yake aliiba mipira 8, rekodi ya fainali.

Mimi nikatoka pale na somo moja: kasi. Wakati ule ndiyo nilikuwa naanza kuwafundisha vijana kwenye uwanja wa saruji jirani na kwetu, na kwa miaka kadhaa mazoezi yangu yote yalikuwa neno moja, kimbia. Namba moja wangu bora alikuwa yule mwenye mapafu. Nilikosea, na nilichelewa sana kujua kwamba nimekosea. Walionifundisha ni chuo cha Virginia.

Kabla sijafika huko, tuelewane kidogo kuhusu kasi inavyopimwa, maana watu wengi hutazama idadi ya pointi. Timu iliyofunga 80 si lazima iwe na kasi. Kinachohesabiwa ni zamu: timu imepata mpira mara ngapi hadi ikafunga, ikakosa na kunyang'anywa ribaundi (mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa), au ikaupoteza. Vyuo wanaume wanacheza dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20, na tangu msimu wa 2015-16 timu ina sekunde 30 za kurusha. Kabla ya hapo zilikuwa 35, na kabla yake 45. Wastani wa zamu unakaribia 70 kwa mechi. Virginia ya kocha Tony Bennett ilikuwa inacheza kama 60. Msimu wa 2018-19 ndiyo iliyokuwa ya taratibu kuliko timu zote za daraja la kwanza, na ziko zaidi ya 350.

Sasa ukipunguza zamu unaongeza uzito wa kila zamu. Timu dhaifu inapenda hivyo, kwa sababu bahati mbili tatu zinaweza kuibeba. Timu bora kwa kawaida inataka zamu nyingi ili ubora wake uonekane. Ndiyo maana Machi 2018 Virginia, timu iliyopangwa ya kwanza kwa ubora kwenye mashindano yote, walipofungwa na chuo cha UMBC 74-54, dunia nzima ilisema walijichimbia kaburi kwa kujikokota. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wanaume timu iliyopangwa nafasi ya 16, ya mwisho kwenye kundi lake, kumtoa aliyepangwa wa kwanza. Mapumziko ilikuwa 21-21. Kipindi cha pili UMBC wakafunga 53, wakiongozwa na Jairus Lyles mwenye pointi 28 na K.J. Maura, namba moja wa futi 5 na inchi 8. Nami nilikuwa kwenye kundi la wanaocheka, tena niliandika humuhumu.

Ila nikaitazama tena, na nilichokiona sicho nilichokiandika. Dakika 20 za kwanza utaratibu wao haukuwaua. Waliuawa walipobaki nyuma kwa pointi kumi na zaidi. Pale ndipo ilipotakiwa mtu wa kusema: sasa tunabadilisha. Hakuwepo. Timu iliyozoea mwendo mmoja ililazimika kukimbia, ikakimbia bila kujua inakwenda wapi. Mtupo wa mapema, mtupo wa mbali, vichwa chini.

Mwaka mmoja baadaye, wachezaji karibu walewale, kocha yuleyule, mwendo uleule wa taratibu. Nyongeza moja: dogo wa mwaka wa kwanza, Kihei Clark, futi 5 na inchi 9, akigawana mpira na Ty Jerome.

Tarehe 30 Machi 2019, Louisville, mechi ya kwenda nusu fainali dhidi ya Purdue. Carsen Edwards wa Purdue siku hiyo alifunga 42, mitupo kumi ya pointi tatu, alikuwa hazimiki. Zimebaki sekunde 5.9, Purdue 70, Virginia 67, Jerome yuko kwenye mstari wa mitupo huru. Wa kwanza unaingia. Wa pili unakosa. Mamadi Diakite, mtoto wa Guinea, anaupiga mpira kwa vidole unarudi nyuma, unavuka hadi nusu yao wenyewe. Saa inakimbia. Clark anaufukuza, anaudaka, anageuka. Jerome yuko karibu anaudai kwa mikono yote miwili. Kyle Guy, mrushaji wao bora, naye yupo. Dogo anawapita wote wawili kwa macho na anatupa pasi ndefu ya moja kwa moja kwa Diakite aliye karibu na pete. Diakite anaudaka na kuuachia palepale, king'ora kinalia mpira uko hewani, unaingia. 70-70. Dakika za nyongeza Virginia wakashinda 80-75, na siku tisa baadaye, Minneapolis, wakawa mabingwa kwa kuwafunga Texas Tech 85-77, nayo ilikuwa na dakika za nyongeza.

Nimeisimamisha ile video mara nyingi sana. Timu ya taratibu kuliko zote Marekani iliokolewa na uamuzi wa haraka kuliko wote wa mwaka ule. Na dogo hakuharakisha! Alidunda, akainua kichwa, akaona, akapasia. Ndani ya sekunde tano alipata muda wa kutulia.

Hoja yangu basi, wakuu: kasi na utaratibu vyote ni vyombo tu mkononi mwa namba moja. Uongozi wake ni kujua zamu hii, hii iliyopo sasa, inadai nini, na kuwafanya wenzake wanne waamini kwamba anajua. Karibuni tujadili. Nawasilisha.

#2

Mkuu uzi umesimama, ila naomba nitofautiane na wewe. Unampa mchezaji sifa za kocha. Chuo si NBA. NBA mchezaji ana miaka 30, ana mkataba, anaweza kumwambia kocha hapana. Chuoni ni vijana wa miaka 18 hadi 22, kocha ndiye baba, ndiye anayepanga kila kitu akiwa pembeni anapunga mikono. Virginia walikuwa taratibu kwa sababu ya Bennett, hata angewekwa nani namba moja. Na mfano mkubwa zaidi ni Dean Smith wa North Carolina na mtindo wake wa pembe nne. Fainali ya ukanda wao wa ACC mwaka 1982 waliwafunga Virginia ya Ralph Sampson 47-45 kwa kukaa na mpira tu, dakika zinaisha watu wanatazamana. North Carolina ilikuwa na Michael Jordan na James Worthy wakati huo! Mambo kama yale ndiyo yaliyoleta saa ya kurusha miaka michache baadaye. Ule ulikuwa ubongo wa kocha, hakuna cha pointi gadi.

#3 – Mleta uzi

Mkuu hapo #2, nashukuru umeleta pembe nne, maana umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

Pembe nne ni hivi kwa wasioujua: wachezaji wanne wanasimama kila mmoja kwenye pembe yake ya nusu ya uwanja, wa tano anabaki katikati na mpira. Anadunda, anangoja. Akijiwa na mlinzi mmoja anampita, akijiwa na wawili anapasia pembe iliyoachwa. Mpango ni wa Dean Smith, sikatai. Lakini jiulize kwa nini watu wa North Carolina wakiutaja mtindo huo wanamtaja Phil Ford, aliyecheza pale 1974 hadi 1978. Kwa sababu ukimweka katikati mtu asiyeaminika na mpira, pembe nne hazikulindii ushindi, zinakuweka uchi. Nafasi yote ile uliyoifungua inakuwa ya adui. Kocha alichora, Ford ndiye aliyeufanya mchoro ule uwe hai.

Halafu kuna jambo la kawaida kabisa tunalisahau. Kocha ana taimauti (kusimamisha mchezo azungumze na timu) chache za kuhesabu. Mpira ukiwa hai, kelele za watu elfu 20, sauti yake haifiki hata kwa namba tatu aliye upande wa pili. Anayefika ni namba moja.

Chukua Villanova 1985, fainali ya mwisho kabla ya saa ya kurusha kuanza kutumika nchi nzima. Wamepangwa wa nane, mbele yao Georgetown ya Patrick Ewing, mabingwa watetezi, watu wa kukubana uwanja mzima hadi unatapika mpira. Villanova walirusha mara 28 tu mechi nzima, wakaingiza 22. Wakashinda 66-64. Watu wanazungumza kuhusu ile asilimia 78.6 kama muujiza wa viganja. Mimi nasema mitupo 28 mizuri haiji yenyewe, kuna mtu alikataa ya 29, ya 30 na ya 31 ambayo ilikuwa mibaya. Rollie Massimino kwenye benchi alipanga, sawa. Aliyepita na mpira katikati ya mikono ya Georgetown, zamu baada ya zamu, ni Gary McLain. Angepoteza mpira mara sita saba, leo tusingekuwa tunaitaja Villanova hiyo.

Kuhusu Bennett, kumbuka mwenyewe alikuwa pointi gadi kule Green Bay, akifundishwa na baba yake mzazi. Nadhani ndiyo maana alithubutu kumwachia mpira mtoto wa mwaka wa kwanza mwezi Machi. Alijua kiti kile kinavyokaliwa.

#4

Kaka zangu, mmeongea posti tatu ndefu na hamjagusa wanawake hata mara moja, wakati mfano mzuri kuliko yote ya mwendo upo huko. Niruhusuni.

Machi 2023, nusu fainali, Iowa ya Caitlin Clark na South Carolina iliyokuwa haijafungwa msimu mzima. Clark alimwacha Raven Johnson wa South Carolina peke yake nje ya mstari wa pointi tatu, akampungia mkono kama anayesema rusha tu, hakuna anayekujali. Johnson akasita. Video ikazunguka dunia nzima. Iowa wakashinda 77-73, Clark alifunga 41.

Mwaka uliofuata, fainali, Cleveland, wakakutana tena. Robo ya kwanza Clark akafunga 18, mpira wa Iowa unakwenda kama moto wa nyika. Ni nani aliyeuzima? Johnson yuleyule. Alimfuata kila hatua tangu mbali, Clark akawa anafika kwenye nusu ya kushambulia amechoka na saa imekwenda. Kabla ya mapumziko akampokonya kabisa. South Carolina 87-75, msimu mzima mechi 38 bila kufungwa. Johnson hakufunga pointi nyingi siku ile. Mkitazama karatasi ya takwimu mtampita.

Ninachotaka kuongeza kwenye hoja ya mleta uzi: namba moja haongozi mwendo wa timu yake tu. Anaongoza na wa wapinzani, kwa ulinzi. Na kocha wao Dawn Staley ni pointi gadi wa Virginia hiyohiyo mnayoiimba hapa. Fainali ya 1991 alifungwa na Tennessee 70-67 kwenye dakika za nyongeza, na bado yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano akiwa upande ulioshindwa. Msimsahau.

#5

Dada umetisha, heshima yako.

Ila mleta uzi, mbona historia ya Kihei Clark umeikatia 2019? Malizia basi. 2023. Furman.

#6 – Mleta uzi

Dada wa #4, umenisahihisha na nakubali. Lile la kuwachosha wapinzani kabla hawajaanza kushambulia nilikuwa nalo kichwani kwa Lucas na Thabeet lakini sikulitaja kwa jina lake. Na kweli nilipaswa kuanza na Staley.

#5, nilijua atatokea mtu wa kuuliza. Sikuificha, nilikuwa naogopa kuiandika, maana inaniuma.

Tarehe 16 Machi 2023, Orlando. Kihei Clark sasa ni mtu mzima wa mwaka wa tano, kinara wa asisti (pasi zinazozaa pointi) wa muda wote wa Virginia. Amebaki peke yake kati ya waliocheza msimu ule wa ubingwa. Virginia wamepangwa wa nne, Furman wa 13. Sekunde chache zimebaki, Virginia 67-65, mpira ni wao. Unaingizwa kwa Clark, anabanwa kwenye kona na watu wawili. Anautupa juu mbele, popote pale. Garrett Hien wa Furman anaudaka, anampa JP Pegues, Pegues anarusha wa pointi tatu. 68-67. Kwaheri.

Pasi mbili za mtu mmoja, miaka minne kati yake. Mikono ileile. Zote mbili alitupa mpira mbali saa ikiwa imekaribia kwisha. Ya kwanza imemjengea sanamu mioyoni mwa watu wa Charlottesville, mji wa chuo cha Virginia, ya pili watu wanaiweka kwenye video za aibu.

Nimezilinganisha kwa muda mrefu na hii ndiyo tofauti ninayoiona. 2019 Virginia walikuwa nyuma, zamu ile ilidai kitu kitokee. 2023 walikuwa mbele, zamu ile ilidai kisitokee kitu chochote. Kuukumbatia mpira, kuinama nao, kungoja faulo. Hata refa akipuliza mpira wa kugombaniwa ni nafuu kuliko kuutupa. Kwa mchezaji ambaye maisha yake yote ameshinda kwa kutenda, kutotenda ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Na mwili ukibanwa na wawili kwenye kona, unataka kutoka. Ni binadamu.

Ila sitamhukumu kwa zamu moja. Mtu aliyebeba mpira wa timu kwa misimu mitano ameamua maelfu ya zamu, nyingi kimyakimya bila mtu kumpigia makofi. Ningekuwa kocha, na zimebaki sekunde tano, na mpira unaingizwa, bado ningetaka uende kwa Clark.

#7

Shikamoo kaka mleta uzi, na shikamooni wote. Mimi nina miaka 17, nacheza namba moja timu ya shule. Kocha wangu kila siku ananiambia nacheza kwa haraka mno, tulia. Nikitulia ananiambia nimelala. Sijui nifanye nini. Huo utulivu mnaousema hapa unafanyiwaje mazoezi? Ni kipaji au?

#8 – Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo lililonifanya nikae na huu uzi, kwa sababu nina vijana wanne wa umri wako na niliwaharibu kwa kuwaambia kimbia, kisha nikawaharibu tena kwa kuwaambia tulia. Kocha wako naye yumo kwenye shimo lilelile. Usimchukie.

Kwanza jua kwamba sisi huku tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, sekunde 24 za kurusha na 8 za kuvuka nusu. Wenzetu wa chuo Marekani wana 30 na 10. Kwa hiyo muda wako ni mfupi kuliko wa Clark, na kujikokota kama Virginia kwako haiwezekani hata ukitaka. Unachoweza kudhibiti ni sekunde nne tano za mwanzo: tunakwenda sasa hivi, au tunapanga?

Ninachofanya na wangu kwa sasa ni hiki. Tunacheza watano kwa watano. Mpira ukisimama, kwa faulo, kwa kutoka nje, kwa lolote, namba moja lazima aseme kwa sauti mambo manne kabla haujaingizwa: matokeo, muda uliobaki, faulo za timu, na nani hajagusa mpira zamu tatu zilizopita. Asipojua hata moja, mpira unakwenda upande wa pili. Wiki ya kwanza walikasirika, mmoja alitaka kuondoka. Wiki ya tatu nikaanza kuona vichwa vinainuka vyenyewe. Hilo la nne, la nani hajagusa mpira, ndilo lililobadilisha timu, kwa sababu namba tano aliyekimbia mara tatu bila kupewa hatakimbia ya nne, na wewe utabaki unashangaa kwa nini shambulizi lako la haraka limekufa.

Ukifunga mara mbili mfululizo kwa kukimbia, ya tatu walinzi wanarudi mapema. Hiyo panga. Wapinzani wakifunga sita mfululizo na uwanja unapiga kelele, usijibu kwa mtupo wa sekunde ya tano hata kama uko wazi. Vuka polepole, kila mtu auguse mpira, ndipo urushe.

Baada ya kuiandika ile ya Furman nimeona pengo kwenye mazoezi yangu. Sijawahi kuwafundisha kubanwa kona wakiwa mbele kwa pointi mbili. Jumamosi hii naweka walinzi wawili kwa mmoja kwenye kona, sekunde nane kwenye saa, na kazi ya namba moja ni moja tu, kubaki na mpira. Haruhusiwi kupasia. Jaribu na wenzako huko shuleni, nami nitarudi hapa Jumapili na mrejesho.